Moshi Humpumbaza Nyuki, Tandala Hapumbaziki

Yako mazungumzo ya kijiweni yasiyokwisha: kwamba mtu akijifukiza moshi kabla ya kuingia porini, mnyama hawezi kumnusa. Imani hii si yetu peke yetu. Huko Marekani wako wawindaji wa kulungu, mnyama ambaye kwetu hayupo, wanaotundika nguo zao juu ya moshi wa kuni hadi zinuke kama jiko la shamba. Je, jambo hili lina ukweli?

Tuanze na nyuki, maana kwake moshi hufanya kazi kweli. Nyuki walinzi wanapohisi adui hutoa kemikali yenye harufu inayokaribia ile ya ndizi mbivu. Hiyo ndiyo mbiu ya mgambo. Wenzao wakiinusa hutoka kwa pamoja, ndiyo maana ukichomwa na mmoja, wa pili na wa tatu hawako mbali. Moshi hupunguza uwezo wa vipapasio vyao kuinusa mbiu hiyo. Aidha, wengi hukimbilia kujaza asali tumboni, kana kwamba wanajiandaa kuhama. Lakini ganzi hiyo haidumu. Watafiti wa Marekani walioipima mwaka 1995 waliona vipapasio vikirudia hali yake katika dakika 10 hadi 20. Mrina asali anayesimama kupiga soga juu ya mti na ajihesabie mwenyewe.

Sasa tugeukie wanyama wakubwa. Wahadzabe wa Yaeda Chini, wilayani Mbulu, hupanda mbuyu na kinga cha moto kufuata asali. Lakini wakimtaka mnyama wakati wa kiangazi, hujibanza usiku karibu na maji na kumngoja. Mwenye upinde lazima mnyama amfikie karibu sana, na hapo kinachomwokoa au kumwangusha ni upepo.

Kwa nini moshi hautoshi? Mama aliye katika jiko lililojaa moshi bado hunusa kitunguu kinachoungua. Pua hutenganisha harufu, haizimwi na iliyo kali zaidi. Na hiyo ni pua ya binadamu, yenye aina 400 hivi za vipokezi vya harufu. Tembo wa Afrika ana jeni za vipokezi hivyo zipatazo 2,000! Isitoshe, nguo umeifukiza jana, lakini jasho na pumzi unavitoa sasa hivi. Tandala aliyezoea mioto ya kiangazi huenda asishtushwe na harufu ya moshi. Ila akinusa moshi na mtu pamoja, atakimbia kwa sababu ya mtu. Nashuku wengi wanaousifu moshi walikuwa tu upande mzuri wa upepo.

Simwambii mtu akawinde. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009 inadai kibali, na jela haina upepo mzuri. Ninayemfikiria ni mkulima wa vijiji vilivyo jirani na Tarangire, anayelala kibandani kulinda mahindi. Huyu akiamini kwamba moshi wa moto wake umemficha, anaweza kukaa katikati ya njia ya tembo akidhani haonekani wala hanusiki.

Upo moshi unaomsaidia mkulima: kinyesi cha ng'ombe kilichochanganywa na pilipili, kikakaushwa na kuchomwa. Huo haufichi kitu, bali huwasha pua ya tembo naye akageuka. Huwekwa upande unakotoka upepo ili uende kule anakotokea. Tatizo ni kwamba upepo wa mchana si wa usiku. Jua likichwa, mlima kama Kwaraa hupoa, na hewa baridi huteremka bondeni. Asubuhi mteremko ukipata joto, hewa hupanda tena. Aliyewasha pilipili yake saa kumi alasiri bila kuisogeza, ifikapo saa tatu usiku huenda tembo yuko salama mahindini, na anayekohoa ni mlinzi.