Japani kwa Wiki Mbili: Hesabu za Wawili Waishio Kando ya Mlima (Sehemu ya Kwanza)

Kwenye steji ya Karatina, kabla jua halijauvuka mlima, dereva wa Probox huwasha gari na mwanamke asiyeonekana huanza kusema. Husema kwa adabu, kwa Kijapani, maneno yale yale kila asubuhi. Abiria waliobanana nyuma na makreti ya nyanya wamemzoea kama tangazo la redio, na wachache hujua anachodai: kadi ya kulipia barabara kuu haijaingizwa. Gari lilizaliwa Japani, likauzwa mnadani, likapandishwa meli hadi Mombasa kabla halijapita miaka minane, kama sheria ya Kenya inavyotaka, na tangu hapo hakuna aliyejisumbua kumnyamazisha huyo mama.

Mke na mume wa Nyeri, Kerugoya au Nanyuki wanaopanga kwenda Japani kwa mara ya kwanza hawaanzi basi na nchi wasiyoisikia. Wali wao wa Jumapili ni pishori ya Mwea, skimu ya umwagiliaji ambayo Japani imeshiriki kuiendeleza kwa miongo kadhaa. Hata Bwawa la Thiba linaloipa maji, lililofunguliwa mwaka 2022, lilijengwa kwa msaada wa mkopo wa Japani. Kinachowasumbua ni siku kumi na nne, na tamaa ya kuzijaza.

Orodha ya kwanza huandikwa na wawili wakiwa na furaha, nayo huwa na kila kitu: Tokyo, Mlima Fuji, Kyoto, Nara, Osaka, Hiroshima, theluji ya Hokkaido, fukwe za Okinawa. Waulizwe kwanza kama wameangalia ramani. Kutoka Sapporo kaskazini hadi Naha kusini ni zaidi ya kilomita 2,000, mbali kuliko Nyeri hadi Lusaka kwa ndege. Tena hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka Nairobi hadi Tokyo. Msafiri hupitia Doha, Dubai au Addis Ababa, na safari humeza karibu siku nzima kila upande. Kumi na nne zimekuwa kumi na mbili, na ya kwanza kati ya hizo mtu huipitisha akisinzia kwenye kiti cha treni.

Kalenda ndiyo inayoamua mengi, na hapa vitabu vya watalii havimsaidii mtu wa Nyeri, kwa sababu vimeandikiwa watu wasio na kahawa. Chukua mfano wa walimu wawili wenye shamba dogo la kahawa huko Tetu. Likizo zao ni tatu: Aprili, Agosti, na ile ndefu ya Novemba na Desemba.

Agosti ifutwe mara moja. Joto la Tokyo hupita nyuzi 35, tena ni joto lenye unyevu, linalomgandia mtu shati mgongoni kabla hajafika stesheni. Aliyezaliwa zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari ataomba kurudi nyumbani siku ya tatu. Katikati ya mwezi huo pia ni Obon, siku za kuwakumbuka wahenga, ambapo Wajapani wenyewe hurudi makwao na treni hujaa kama matatu za mkesha wa Krismasi.

Aprili ina mtego wake. Maua ya mcheri, sakura, ambayo ndiyo picha kila mtu anayo kichwani, hufunguka Tokyo na Kyoto mwishoni mwa Machi na kuanza kupukutika mapema Aprili. Walimu wakishafunga shule na kukabidhi ripoti, watakuta petali zimetapakaa kwenye mitaro. Ila maua hayo hayafunguki nchi nzima kwa siku moja. Hupanda kaskazini pamoja na joto: Sendai huchanua takribani wiki ya pili ya Aprili, Hirosaki karibu na mwisho wa mwezi. Atakayechelewa Tokyo anaweza kuyafuata kwa treni. Cha kuchunga ni kurudi kabla ya tarehe 29 Aprili, maana kuanzia siku hiyo hadi tarehe 5 Mei sikukuu hupangana na vyumba vya hoteli hupotea.

Novemba ndiyo nzuri kuliko zote. Majani ya miti midogo iitwayo momiji huwa mekundu Kyoto kuanzia katikati ya mwezi hadi mapema Desemba, anga huwa safi, na baridi ni ile ile ya gathano, ya Julai, ambayo kila nyumba ya Nyeri ina koti lake. Lakini Oktoba hadi Desemba ndiyo mavuno makubwa ya kahawa. Nani atasimama na wachumaji? Nani atahakikisha debe limeandikwa sawasawa kiwandani? Kwa wenye kahawa, Aprili ya kufuata maua kaskazini ni salama zaidi. Wasio nayo wasifikirie mara mbili kuhusu Novemba.

Karatasi si ngumu kama inavyosemwa kwenye harusi. Mkenya anahitaji viza, na ubalozi wa Japani uko Upper Hill, Nairobi. Unataka kuona ratiba ya siku kwa siku, tiketi zilizowekwa, barua ya kazi na taarifa ya benki. Mshahara unaoingia kila mwezi hujieleza wenyewe. Mkopo wa Sacco ulioingia juzi huzua maswali. Jambo moja huwakwaza wawili wa huku: mmoja akiwa ndiye mlipaji wa safari, uhusiano wao unahitaji ushahidi wa maandishi, na wapo wengi waliokamilisha sherehe za kimila za ruracio na ngurario, wakala, wakaimba, bila kupata cheti. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inataka ndoa za kimila zisajiliwe. Safari hii ni sababu nzuri ya kwenda kwa msajili.

Sasa pesa. Dola moja imekuwa ikizunguka shilingi 129 na yeni 150, kwa hiyo yeni ni ndogo kidogo kuliko shilingi na bei husomeka bila kikokotoo: bakuli la tambi la yeni 1,000 ni pungufu kidogo ya shilingi 1,000. Hakuna bahashishi. Mhudumu aliyeachiwa sarafu mezani aweza kumkimbilia mteja barabarani kumrudishia alichosahau.

Wakenya waliowahi kusoma juu ya Japani watawaambia hao wawili wanunue Japan Rail Pass. Ushauri huo umechakaa. Oktoba 2023 bei ya pasi ya siku 14 ilipandishwa kutoka yeni 47,250 hadi 80,000 kwa mtu mmoja. Tokyo hadi Sendai, kwenda na kurudi kwa treni ya kasi, ni kama yeni 23,000. Tokyo hadi Kyoto ni kama 14,000. Jumla haifiki nusu ya pasi. Hata wakiongeza Hiroshima kutoka Kyoto, kwenda na kurudi, bado wamebaki na chenji ya kula vizuri. Akiba nyingine iko kwenye tiketi ya ndege: waingilie Tokyo na kuondokea Osaka, ambako ndege za Dubai na Doha hutua pia. Hapo hawalipi nauli ya kurudi nyuma wala hawapotezi nusu siku.

Safari yenyewe ibaki na vituo vinne vya kulala: Tokyo usiku tano, Sendai mbili, ziwa Kawaguchi chini ya Fuji mmoja, Kyoto nne. Kila kuhama hoteli ni asubuhi nzima imekwenda, na mabishano madogo ya nani alifunga sanduku vibaya.

Wengi watauliza Sendai ina nini. Ina ulimi wa ng'ombe uliochomwa kwenye makaa, ambao mtu aliyelelewa kwa nyama choma ataufurahia kuliko samaki mbichi. Na ina hadithi ya Samuel Wanjiru, aliyetoka Nyahururu mwaka 2002 akiwa na miaka 15 kwenda kusoma katika sekondari ya Sendai Ikuei. Alijifunza Kijapani, akajifunza mbio ndefu kwa subira ya huko, na mwaka 2008 huko Beijing akawa Mkenya wa kwanza kushinda dhahabu ya marathoni ya Olimpiki, kwa saa 2, dakika 6 na sekunde 32. Mei 2011 alifariki Nyahururu, miezi miwili baada ya tetemeko na tsunami kuupiga mkoa uliomlea.

Osaka, nusu saa tu kwa treni ya kawaida kutoka Kyoto, ina uwanja wa Nagai. Catherine Ndereba wa Gatunganga, Nyeri, alikuwa ameshindwa marathoni ya Olimpiki huko Athens mwaka 2004 kwa sekunde 12 tu, na aliyemshinda alikuwa Mjapani, Mizuki Noguchi. Miaka mitatu baadaye, katika joto kali la Osaka, Ndereba alichukua ubingwa wa dunia nyumbani kwa Wajapani. Uwanja uko ndani ya bustani ya umma ambako wazee hukimbia polepole asubuhi. Mtu wa Nyeri anaweza kwenda kukaa kwenye benchi hapo bila kulipa chochote.

Kyoto nayo, ukiacha mahekalu ambayo kila kitabu kinayo, ina ukumbi wa mikutano ya kimataifa mwishoni kabisa mwa njia ya Karasuma ya treni ya chini ya ardhi. Tarehe 16 Februari 2005, siku Mkataba wa Kyoto ulipoanza kutumika, Wangari Maathai wa Ihithe alihutubia hapo. Katika ziara hiyo alisikia neno mottainai, ambalo Mjapani husema anapoona kitu kizuri kikitupwa bure, akalibeba na kulihubiri duniani. Wasafiri wetu wawili watalielewa watakapotafuta mahali pa kutupa chupa tupu: mapipa ya taka ni adimu mitaani, na kila mtu hurudi na takataka zake nyumbani.

Fuji wataiona tu, hawataipanda. Njia zake hufunguliwa Julai hadi mapema Septemba, na tangu 2025 mpandaji hulipa yeni 4,000. Wasisikitike: ina mita 3,776, wakati Point Lenana ya Mlima Kenya, anakofika mwanafunzi yeyote mwenye mapafu mazuri, ina 4,985. Waamke alfajiri kama wanavyofanya nyumbani, kwa kuwa milima yote miwili ina tabia moja ya kujifunika mawingu watu wakianza kunywa chai. Kuna ajabu ndogo katika daftari za Unesco. Mlima Kenya uliandikishwa mwaka 1997 kama urithi wa asili. Fuji mwaka 2013 kama urithi wa utamaduni, kwa kuwa ni mahali pa ibada. Wazee walioomba Ngai wakiitazama Kirinyaga wangekuwa na la kusema kuhusu mgawanyo huo.

Usiku huo wa Fuji ndio wa kulala ryokan, nyumba ya wageni ya kienyeji, yenye mikeka sakafuni na godoro linalotandikwa baada ya chakula. Ni usiku ghali, na ni mmoja tu, basi wasiubanie. Mambo mawili huwatatiza wageni. La kwanza ni bafu la maji ya moto ya chemchemi. Wanaume na wanawake huoga mbali, uchi, na kabla ya kuingia dimbwini mtu huketi kwenye kigoda kifupi, hujisugua na kujisuuza mpaka povu lote limeondoka. Kwa wawili walioenda mbali ili wawe pamoja, hilo huchekesha. Na kwa mume wa Othaya ambaye hajawahi kuvua shati mbele ya mashemeji, halichekeshi hata kidogo. Nyumba nyingi zina bafu dogo la kukodi kwa saa moja, mlango ukiwa na komeo. Liulizwe wakati wa kuweka chumba, si usiku ule.

La pili ni yukata, joho la pamba linalowekwa chumbani. Upande wa kushoto hulala juu ya wa kulia. Wa kulia ukiwa juu, umevaa kama maiti, na mhudumu atakuja kukurekebisha akiwa ameinamisha macho.

Halafu kuna kupiga simu nyumbani. Tokyo iko mbele ya Nairobi kwa saa sita, na saa sita ndiyo tofauti iliyopo kati ya mshale wa saa na hesabu yetu ya Kiswahili. Kwa hiyo saa ya ukutani ya stesheni ya Tokyo husema saa ya Nyeri bila kubadilishwa. Mshale ukiwa kwenye nane usiku wa Tokyo, Tetu ni saa nane mchana, mfanyakazi yuko shambani na simu itapokewa. Ukiwa kwenye nane asubuhi, Tetu ni saa nane usiku. Mjapani aliyesimama kando atasoma mshale ule ule na kuona muda wa kupanda treni. Mama wa Tetu atasoma na kujua ng'ombe bado hawajakamuliwa.

(Juma lijalo: kutoka Haneda hadi kitandani, kadi ya Suica, na kwa nini wali wa Japani hushikana.)