Inanga Isiyopakwa Rangi

Wajukuu zangu, opera ni mchezo wa jukwaani ambao watu huimba badala ya kusema. Mfalme akikasirika anaimba. Akipigwa na radi bado anaimba. Hapa Ngara akipigwa radi mtu hatuimbi, tunakimbia, lakini huko ndiyo ada yao.

Ninayotaka muijue inaitwa Nabucco. Ni Nebukadneza yule yule wa kitabu cha Danieli, aliyekula majani kama ng'ombe. Aliitunga Giuseppe Verdi, ikaonyeshwa mara ya kwanza mjini Milan, Italia, tarehe 9 Machi 1842. Katika sehemu ya tatu, mateka wa Kiebrania wako kando ya mto Frati, minyororo mwilini, wanaililia nchi yao kwa kwaya.

Kwaya hiyo niliisikiliza kwa simu nikiwa Rusumo, Mto Kagera ukinguruma chini. Nikalikumbuka daraja la mpakani hapo. Mwishoni mwa Aprili 1994 zaidi ya watu 200,000 walilivuka kutoka Rwanda kwa siku mbili hivi, wakapiga kambi Benaco. Wengi walikuwa kina mama na watoto. Walikuwamo pia waliokuja na damu mikononi, ya mauaji ya kimbari ya mwaka ule. Kwa hiyo msije mkasema babu kawafananisha na mateka wa Babeli. Mimi nilikumbuka mto tu, na watu wanaogeuka kutazama walikotoka.

Nikatoa rangi za maji. Rangi hizi hazibembelezwi: ukizidisha maji zinachuruzika, ukisitasita zinakauka na alama. Na nyeupe haipakwi; ukiitaka, unaiacha karatasi yenyewe ibaki wazi.

Kwaya inaanza chinichini, wote kwa sauti moja. Basi nikalowesha karatasi nzima isipokuwa nafasi moja niliyoiacha kavu, nikapitisha mkupuo mmoja wa wekundu wa udongo wetu, toka ukingo hadi ukingo, nikiikwepa nafasi ile. Kisha wanapokitaja kinubi, sauti zinalipuka na kugawanyika. Zaburi ya 137 nayo inasimulia mateka waliotundika vinubi vyao mitini. Mimi kinubi sijawahi kukishika, naijua inanga, ala yetu ya nyuzi. Nikachora tawi, na juu yake ile nafasi kavu ikabaki umbo la inanga, jeupe. Kandokando nikadondosha buluu kabla wekundu haujakauka, ikatambaa yenyewe kama moshi.

Mdogo wenu alipoiona akaweka kidole pale peupe. "Babu, hapa umesahau kupaka."

Nikamwekea simu sikioni.