Bomba Linalotanuliwa kwa Maji

Chukua T ndogo ya shaba, ile wanayofunga mafundi wa friji na viyoyozi, uichungulie ndani. Tawi limechomoza ubavuni mwa bomba bila mshono wowote. Mimi ni fundi wa kuchomelea, mkate wangu unatoka kwenye mishono, na kitu kikivunjika mshono ndio ninaoukagua kwanza. Kwa hiyo kipande kama hicho nakitazama kwa heshima.

T nyingi za aina hiyo huumbwa kwa maji. Bomba lililonyooka hulazwa ndani ya kalibu ya chuma kigumu yenye nafasi ya tawi, presi ikaibana kalibu isifunguke. Vizibo viwili huziba ncha za bomba, maji yanajazwa mpaka hewa yote itoke, kisha presha inapandishwa. Shaba imebanwa kila upande isipokuwa pale penye nafasi, basi inafura kuelekea huko. Wakati huohuo vizibo vinasukumwa ndani kutoka pande zote mbili ili kulisha tawi, na hapo ndipo penye ufundi wenyewe. Vikisukumwa kidogo, ukuta wa tawi unakonda na kupasuka. Vikisukumwa kwa nguvu presha ikiwa bado ndogo, bomba linajikunja makunyanzi na kuwa skrepa.

Presha yenyewe si ya kuchezea. Bomba la chuma cha kawaida lenye kipenyo cha milimita 50 na ukuta wa milimita 2 huanza kutanuka kwenye bar 200 hivi, wakati tairi la gari dogo lina bar 2 na kidogo. Kulifanya lijae hadi kwenye kona kali za kalibu kunaweza kudai zaidi ya bar 1,000. Maji hutumika kwa kuwa karibu hayashindiliki. Hewa iliyoshindiliwa kiasi hicho ingelipuka kama bomu bomba likipasuka. Hata hivyo, vijana wa gereji, nawasihi msijaribu.

Na nguvu ya bomba lililotanuliwa inatoka wapi? Tanua bomba lile hadi milimita 60, urefu ukibaki uleule. Ukuta unapungua hadi milimita 1.65 hivi, uzito haubadiliki, lakini ukaidi wake wa kupinda unaongezeka kwa takriban asilimia 48, maana chuma kimesogea mbali na kitovu. Tena chuma kikivutwa kikiwa baridi kinakuwa kigumu zaidi. Ndiyo maana General Motors, kwenye Chevrolet Corvette ya mwaka 1997, waliunda kila reli ya pembeni ya chasisi kwa bomba moja lililotanuliwa hivi, badala ya vipande vilivyochomelewa. Fremu nyingi za baiskeli za alumini nazo hupata maumbo yao kwa njia hiyohiyo.

Kinachoniuma ni kuona reli kama hiyo ikinyooshwa kwa moto wa gesi baada ya ajali. Moto ukikolea, ule ugumu uliopatikana kwa kuvutwa unapotea, na rangi mpya inaficha kila kitu. Kabla ya kuwasha gesi, pitisha mkono kwenye reli: ukikuta inabadilika kutoka duara kwenda pembe nne, inanenepa na kukonda, na hakuna mahali vipande vimeunganishwa, usiwashe. Mwambie mwenye gari atafute reli nyingine.