Usukani wa Gemu Uliotulaza Mzungu wa Nne

Mwezi huu nakuletea kisa cha nyumbani kwangu mwenyewe. Najua wapo watakaocheka, na wacheke tu, ila sisi wakati ule hatukuwa tunacheka hata kidogo.

Mimi na mume wangu wote tunafanya kazi mjini. Foleni asubuhi, foleni jioni, tukifika nyumbani Tabata kila mtu yuko hoi, kazama kwenye simu yake. Tukaanza kuishi kama wapangaji wawili. Ndipo akaja na wazo: kila Ijumaa usiku tucheze gemu ya magari, wawili tu, chipsi mezani, simu pembeni. Akanunua usukani mdogo wa kompyuta na pedeli zake, ule unaotetemeka ukigonga ukuta. Jamani, niliupenda! Ijumaa ya kwanza tulicheza mpaka saa saba usiku, na sikumbuki lini mara ya mwisho tulicheka vile.

Ijumaa ya pili mambo yakaharibika. Yeye akiendesha, safi kabisa. Zamu yangu ikifika, kona mbili tatu, nikigonga tu ukuta kompyuta inalia, usukani unakufa mkononi.

"Mke wangu, umevuta waya tena."

"Nauvutaje na nimekaa kwenye kochi?"

"Sasa mbona mimi haunikatikii?"

Swali hilo liliniuma, maana sikuwa na jibu. Ijumaa ya tatu likarudi na ndugu zake: eti mimi sina mkono wa kutunza vitu, eti hata blenda niliiua mimi. Na mimi sikukaa kimya, nikamwambia kanunua kitu feki kwa hela ya gesi. Usiku ule tulilala mzungu wa nne.

Kumbe mchawi tunaye

Jumapili rafiki yake, fundi kompyuta, alipita kula. Nikamweleza. Wala hakugusa kitu. "Shem, chezeni kama siku zote, mimi naangalia."

Mume wangu akaendesha mizunguko yake, akanipa usukani, akaegemea. Halafu, kama kawaida yake, akachukua simu akaichomeka palepale kwenye kigawanyio cha USB, akaanza kuperuzi. Kona ya tatu nikagonga. Usukani ukafa.

"Shem, hiyo simu ni ya nani?"

Mume wangu kimya.

Umeme wa USB una kipimo

Wengi wetu tunadhani tundu la USB likiingia kitu basi kitafanya kazi. Tundu hilo hupitisha taarifa na umeme, lakini umeme wake si wa ukutani. USB 2.0, iliyotoka mwaka 2000, hutoa volti 5 na hadi miliampea 500, yaani wati 2.5 tu. USB 3.0 ya mwaka 2008 ilipandisha hadi miliampea 900.

Laptopu yetu ni ya zamani, ina matundu mawili ya USB 2.0. Moja lilikuwa na kipanya. Kwenye lingine tulichomeka kigawanyio cha matundu manne, mafundi wanakiita habu, na juu yake usukani, hedifoni na kifeni. Habu yetu haikuwa na adapta, kwa hiyo vyote vilinyonya tundu lile moja. Ni kama wapangaji wanne na bomba moja: wote wakifungulia, wa mwisho anaambulia matone.

Usukani kama wetu ukiwa umetulia hutumia umeme kidogo. Ukigonga, mota za kutetemesha zinaamka na kudai zaidi. Simu nayo ikichaji kwenye kompyuta inaweza kuvuta miliampea 500 peke yake. Umeme unashuka, usukani unazima, kompyuta inaona kama mtu kauchomoa. Na simu ile ilichomekwa zamu yangu tu, maana zamu yake mikono ilikuwa na kazi!

Ya kufanya kabla hamjagombana

1. Usukani au padi ya gemu ichomeke kwenye kompyuta yenyewe. Kwenye habu weka kipanya na kibodi, hivyo havili umeme mwingi. Kama ni kompyuta ya mezani, tumia matundu ya nyuma, yaliyo kwenye bodi moja kwa moja.

2. Simu na feni zitoke kabisa. Zina nafasi yake ukutani.

3. Vifaa vikizidi, nunua habu yenye adapta yake. Matundu manne ya USB 2.0, kila moja miliampea 500, yanahitaji jumla ya ampea 2. Soma volti zilizoandikwa kwenye habu, na usichomeke adapta nyingine eti kwa sababu kichwa kimeingia. Na ukumbuke, umeme ukikatika laptopu inaendelea na betri, lakini adapta ya habu inazima.

4. Waya mfupi ni bora. Kebo ya USB 2.0 mwisho wake ni mita 5, na kuunga waya juu ya waya ni kujitafutia matatizo.

5. Kama usukani unapotea mkiwa mmeacha kucheza kidogo, tazama mipangilio ya umeme ya Windows. Kuna sehemu inayoruhusu kompyuta kuzima tundu lisilotumika ili kuokoa umeme. Izime.

6. Usukani mkubwa wenye mota za nguvu, mfano Logitech G29, huja na adapta yake. Ichomeke ukutani. USB peke yake haiwezi kuziendesha mota hizo.

Tulivyomaliza

Tulinunua habu yenye adapta Kariakoo, lakini ukweli ni kwamba tatizo letu liliisha Jumapili ileile, simu ilipochomolewa.

Fundi alipoondoka, mume wangu aliniomba radhi kwa habari ya waya. Nikamwambia waya nimeshausahau. Kilichoniuma ni kwamba kila nilipokuwa naendesha, yeye alikuwa kwenye simu, na tulikubaliana iwe pembeni. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Hilo sikuliona." Na mimi nikaomba radhi kwa lile neno la hela ya gesi, maana lilimkaa.

Siku hizi simu zote mbili zinachaji chumbani, mlango umefungwa. Zamu yangu ikifika anakaa pembeni yangu na kunipigia kelele nifunge breki. Bado nagonga ukuta, lakini usukani haukatiki.

Ya blenda bado tunayajadili.