Muhogo wa Uvira: mwanga unaofichua virusi jani likiwa bado kijani

Shamba la muhogo kati ya Sange na Kiliba linaweza kuwa na majani mazuri, sombe ikachumwa kila wiki, kumbe chini ya udongo hakuna chakula. Siku ya kung'oa, kisu kinakuta mizizi ina madoa ya kahawia, mikavu kama kizibo. Bugali haitoki hapo.

Huo ni ugonjwa wa michirizi ya kahawia. Ulielezwa kwanza mwaka 1936 huko Tanganyika, Tanzania ya leo. Burundi, ng'ambo ya Ruzizi, uliripotiwa 2011. Kongo, 2012, upande wa Kivu Kaskazini. Tangu hapo umeenea katika majimbo ya mashariki, Kivu Kusini ikiwemo. Si sawa na mozaiki, ambayo hukunja majani machanga na kuonekana toka mbali. Huu hutia njano kidogo kwenye majani ya chini, na mkulima hudhani jani limezeeka tu.

Kwa hiyo watafiti hutumia alama zinazong'aa. Maabarani jani husagwa, vinasaba vya virusi hutolewa na kunakiliwa mara nyingi ndani ya mashine. Humo hutiwa kipande kidogo kinachoshika virusi hivyo peke yake. Ncha moja ina rangi inayong'aa, ncha nyingine ina kitu kinachozima mwanga huo. Virusi vikiwepo, kazi ya kunakili hukikata kipande, ncha zinaachana, mwanga unatoka. Ukitoka mapema, virusi ni vingi. Aina za virusi ni mbili, na kila moja ina kipande chake.

Macho hudanganya pande zote mbili. Magharibi mwa Kongo mizizi yenye kuoza kwa namna hiyohiyo ilipimwa, virusi hivi havikuonekana.

Inzi mweupe hupeleka virusi karibu tu. Safari ndefu hufanywa na miti ya kupanda inayofungwa juu ya pikipiki hadi Baraka, au kuvushwa Kavimvira, na hakuna forodha inayoona virusi.

Mashine hiyo haiwezi kufika kila kijiji. Kisu kipo. Kabla ya kukata miti ya kupanda, ng'oa shina lililokomaa, pasua mizizi yake kadhaa. Mizizi meupe haithibitishi kwamba shina ni zima, kwani virusi vinaweza kuwemo bila doa. Lakini ukikuta kahawia, usichukue hata fimbo moja ya shina hilo, wala usimpe jirani.