Mwenye Mpira wa Mkojo Asizuiwe Bwawani

Kila askari ajua kwamba risasi moja, kipande cha bomu au gari lililopinduka barabarani vyaweza kuvunja uti wa mgongo wa mtu kwa kufumba na kufumbua. Mwenzetu aliyesimama nasi katika gwaride jana, leo yumo katika kiti cha magurudumu, na mkojo wake hautoki ila kwa mpira. Wahenga walinena: hujafa hujaumbika. Kwa hiyo tumeona yafaa tuzungumze juu ya mtu huyo anapotaka kuingia katika bwawa la kuogelea la umma, na juu ya hofu zinazomfungia mlango.

Hofu iliyo kubwa ni ya uchafu. Wengi hudhani kuwa mwenye mpira atayaharibu maji ya wenzake. Sivyo. Mpira uliozoeleka katika hospitali, ambao huitwa kwa jina la Frederic Foley, tabibu wa Marekani, huingizwa hadi ndani ya kibofu, na huko kipuuto kidogo hujazwa maji safi ili usichomoke. Mkojo huteremka katika neli hadi kwenye mfuko uliofungwa. Maadamu viungo vyake vimekazwa, hakuna tone liingialo bwawani. Mtu mzima aliye mvivu wa kwenda msalani huyachafua maji kuliko yeye.

Historia nayo yatufundisha. Katika Vita Kuu ya Kwanza, askari wengi waliovunjika uti wa mgongo walikufa kwa vidonda vya kulalia na kwa maradhi ya njia ya mkojo. Mwezi Februari 1944, Daktari Ludwig Guttmann, Myahudi aliyekimbia Ujerumani mwaka 1939, alifungua kituo cha majeruhi hao katika hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza. Aliagiza wageuzwe kitandani usiku na mchana, vibofu vyao vitunzwe kwa usafi mkubwa, na miili yao ifanyishwe michezo. Tarehe 29 Julai 1948, siku ile ile ilipofunguliwa Olimpiki ya London, majeruhi 16 wa vita, wanaume na wanawake, walishindana hapo kulenga shabaha kwa mishale. Kutokana na mbegu hiyo ilizaliwa michezo ya Roma ya mwaka 1960, na kuogelea kulikuwamo. Mwaka 1972 Uganda na Kenya zilipeleka wachezaji wao Heidelberg, Ujerumani.

Faida ya maji haina siri. Maji huubeba mwili. Miguu isiyoweza kusimama nchi kavu huelea, na mabega yaliyochoka kusukuma magurudumu hupata kazi ya namna nyingine. Moyo na mapafu pia hupata nguvu.

Hata hivyo, uhuru huenda pamoja na nidhamu. Mwogeleaji apate kwanza idhini ya daktari wake. Aliyetobolewa tumboni chini ya kitovu ili kupitisha mpira, angoje mpaka tundu lipone. Kabla ya kuingia, na aumwage mkojo, afunge mfuko mdogo barabara pajani, ahakikishe neli haikupindika wala haivutwi. Wengine huruhusiwa na daktari kutumia kizibo mahali pa mfuko. Mwenye kidonda kibichi, kuhara au homa asiingie. Akitoka, aoge kwa maji safi na sabuni, akaushe ngozi, na kuikagua miguu: mguu usiohisi waweza kuchunika juu ya saruji bila mwenyewe kujua, na mchubuko huo ukawa kidonda cha miezi.

Iko hatari moja ambayo kila mlinzi wa bwawa apaswa kuijua. Kwa mtu aliyeumia uti wa mgongo juu, kifuani au shingoni, mpira ukiziba, shinikizo la damu laweza kupanda ghafula. Dalili zake ni kichwa kugonga kwa maumivu, uso kuwa mwekundu na jasho kutoka. Hapo atolewe majini mara moja, aketishwe wima, nguo zilegezwe, neli inyooshwe, na daktari aitwe bila kukawia. Jambo hili laweza kuua.

Ama kuhusu sheria, Mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya Haki za Watu Wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006, kifungu cha 30, wazitaka serikali ziwawezeshe watu hao kufika mahali pa michezo na burudani sawa na wengine. Kenya na Uganda ziliuridhia mwaka 2008, na Tanzania mwaka 2009. Kwa hiyo mlinda mlango amwonaye mtu ana mfuko pajani akamrudisha, hailindi afya ya umma. Ampokonya mwenziwe haki yake.

Ndugu askari na polisi, ninyi mmefunzwa kumbeba majeruhi. Mkimkuta mwenzenu kando ya bwawa, msimnyanyue kama gunia. Mwulizeni kwanza jinsi apendavyo kusaidiwa, fungeni breki za kiti, mnyanyueni watu wawili kwa pamoja, na mmoja wenu auangalie mpira usinase popote. Kisha mwacheni aogelee.