Othello na Desdemona wa Tashkent: Wapenzi nyumbani, wahasimu jukwaani

Hebu niambie ukweli. Mumeo angekubali uwe mwigizaji? Simaanishi wa kupita mara moja kwenye video ya muziki na kupotea. Namaanisha mwigizaji hasa, wa kulia na kukumbatiwa mbele ya ukumbi uliojaa watu, kisha unarudi nyumbani saa nne usiku, chakula kimeshapoa.

Mimi swali hilo lilinikuta nikiwa na miaka 24. Nilikuwa kwenye kikundi cha maigizo, na mchumba wangu alishaleta barua ya posa. Siku moja akaja mazoezini bila taarifa, akasimama mlangoni. Tulikuwa tunaigiza mke na mume wanaopatana baada ya ugomvi. Mwenzangu alinishika mkono tu, basi. Njiani mchumba hakusema neno mpaka kituo cha daladala, ndipo akanipa wiki moja nichague: yeye au maigizo.

Nikakimbilia kwa shangazi. Shangazi yangu alisoma Tashkent, mji mkuu wa Uzbekistan, enzi zile nchi hiyo ikiwa ndani ya Umoja wa Kisovieti na vijana wengi wa Kiafrika wakipelekwa huko kwa masomo. Nilitegemea anipe maneno ya kungwi, mara uvumilivu, mara heshima ya mume. Wapi! Akaweka chai mezani, akasema, "Kaa hapa mwanangu nikuambie habari za Abror na Sara."

Abror Hidoyatov alizaliwa Tashkent mwaka 1900, naye Sara Eshonto'rayeva alizaliwa mwaka 1911. Abror alipokuwa mdogo, mwanamke wa Kiuzbeki hakupanda jukwaani. Wanaume ndio walioigiza sehemu za kike. Wanawake wa mjini walitoka nje wamevaa paranji, vazi zito la kutoka kichwani mpaka chini, na usoni wavu wa nywele za farasi. Mwaka 1924 kundi la vijana likapelekwa Moscow kusomea uigizaji, na hao wawili walikuwemo. Walirudi 1927.

Jamani, walirudi mwaka gani! Tarehe 8 Machi 1927 serikali ilianzisha kampeni iliyoitwa hujum, yaani shambulio. Wanawake walivua paranji hadharani na kuzichoma moto. Amri ilitoka juu, sherehe zikafanywa kwenye viwanja, halafu kila mwanamke akarudi kwao peke yake. Mamia waliuawa, na wauaji wengi walikuwa watu wao wenyewe. Mwaka 1928 msanii Tursunoy Saidazimova aliuawa na mumewe. Mwaka 1929 Nurkhon, mcheza ngoma wa Margilan, aliuawa na kaka yake. Wote walikuwa hawajafika miaka 20. Kosa lao, kusimama mbele ya watu wakaimba na kucheza.

Sasa Sara alikuwa rika la wasichana hao. Kazi yake ndiyo ileile iliyowaua. Na mume aliyempata ni huyo Abror, mwigizaji mwenzake wa ukumbi wa Hamza pale Tashkent. Ukumbi wenyewe ulibeba jina la mwandishi Hamza Hakimzoda Niyoziy, naye aliuawa mwaka huohuo wa 1929.

Mwaka 1935 walicheza Hamlet kwa Kiuzbeki, Abror akiwa Hamlet na Sara akiwa Ophelia. (Mshairi aliyeitafsiri, Cho'lpon, alipigwa risasi na serikali ya Stalin mwaka 1938. Zama zile hata kutafsiri kulikuwa na hatari yake.) Lakini igizo lililowapa jina ni Othello, mwaka 1941, chini ya mwongozaji Mannon Uyg'ur, kwa tafsiri ya G'afur G'ulom. Othello ni Abror. Desdemona, mkewe, ni Sara.

Kama huijui hadithi, ni fupi na inauma. Othello, jemadari mweusi, ana mke anayempenda. Msaidizi wake Iago anamtia sumu ya maneno, na ushahidi wote ni leso moja iliyopotea. Siku hizi leso imekuwa simu, si ndiyo? Meseji moja ya saa sita usiku inatosha kuvunja nyumba. Othello anamnyonga mkewe kitandani, kisha anagundua hakukosa lolote.

Shangazi alisema miaka ileile aliyosoma kule, wazee wa Tashkent walikuwa bado wakilitaja igizo lile kama vile walilitazama jana. Nami nikawaza waliokaa ukumbini 1941. Mauaji ya Tursunoy yalikuwa na miaka 13 tu. Pengine wapo waliowahi kusema alistahili. Sasa wanamtazama mume anayemuua mke kwa sababu ya heshima yake, na hawaonyeshwi shujaa. Wanaonyeshwa mtu aliyedanganywa, anayelia juu ya maiti ya mtu aliyempenda kuliko wote. Na anayewaonyesha ni mwanamume ambaye mkewe mwenyewe yuko jukwaani, uso wazi, kila mtu akimtazama.

"Halafu pazia linafungwa," shangazi akasema. "Likifunguliwa, wanainuka. Wote wawili, mwanangu. Wanashikana mikono, wanainama, wanakwenda kwao."

Abror alipata heshima ya Msanii wa Watu wa Umoja wa Kisovieti mwaka 1945. Sara naye akaja kupewa heshima hiyohiyo, na alionekana kwenye filamu pia. Abror alifariki 1958. Sara alibaki miaka 40 zaidi, akaiona Uzbekistan huru, akafariki 1998.

Wiki yangu ilipoisha sikumpelekea mchumba maneno mengi. Nilimpa tiketi ya onyesho letu, kiti cha mbele, nikamwambia aje atazame mpaka mwisho, si kusimama mlangoni.

Hakuja. Kiti chake alikikalia shangazi, na mkoba wake wa Tashkent miguuni.